Springi Iliyovunjika Baada ya Ikungi

Madogo, kaeni chini. Wewe mwenye simu, iweke mfukoni, la sivyo naifunga kwenye ekseli ya lori na kuikaza kwa nati nne. Nimestaafu kazi, sijastaafu hasira.

Ndiyo, nimestaafu. Nina miaka thelathini na tisa. Anayetaka kucheka acheke sasa hivi tumalizane. Mgongo umegoma. Daktari aliitazama picha yangu, akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia nabeba springi za malori. Akasema, "Sasa hivi hata mtoto wako usimbebe." Nikarudi nyumbani Mandewa, hapa Singida, nikaning'iniza ovaroli ukutani, basi. Kinachoniuma ni kwamba Mzee Ntandu, bwana aliyenipa kazi, ana miaka sabini na kitu na bado anapiga nyundo. Kila Jumapili akitoka kanisani anapita kwangu, anasimama mlangoni, anasema, "Mstaafu, umeamkaje?" Namjibu vizuri kwa sababu ni yeye. Angekuwa mtu mwingine, angeondoka na kiatu kimoja.

Mmeniomba niwaambie kuhusu kukaza gari nyuma. Nitawaambia, ila sina mpangilio. Mimi sikusoma chuo. Nilichonacho ni mdomo na makovu.

Anzeni na hili. Hapa kwetu gari halibebi linachoweza, linabeba kilichopo. Mtu ananunua kenta ya kubebea sofa, halafu mvua inakubali, alizeti inakubali, vitunguu vinakubali, shemeji naye ana mawe ya kujengea. Ndani ya miezi miwili gari limekaa kama mbwa anayesubiri ugali: mbele juu, nyuma chini, taa zinamulika ndege. Hapo ndipo anakuja kwako, anasema, "Fundi, niongezee springi."

Springi mnazijua, lakini wangapi mmeshawahi kuzifungua? Ni vyuma bapa vilivyopinda kama upinde, kimoja juu ya kingine, kirefu juu, vifupi chini. Sisi tunaviita majani. Vinabanwa kwenye ekseli kwa yuboti, zile bolti zilizopinda kama kwato. Kukaza gari ni kuongeza jani moja au mawili yenye upana uleule na mkunjo unaokaa sawasawa na wenzake. Jani likiwa na mkunjo wake peke yake, wenzake hawalisaidii, linabeba peke yake mpaka linakufa. Ni kama ndugu wa baba mmoja wasiosalimiana.

Na usiongeze kama una kichaa. Mimi niliongeza nikiwa na kichaa. Kuna bwana mmoja alikuwa anapeleka kuku Dodoma. Akaja na maneno, "Weka yote, mimi sitaki liiname hata kidogo." Nikasema wewe ndiye mwenye gari. Nikaweka mpaka zile yuboti zikakosa pa kushika nati. Gari likawa gumu kama jiwe la pale Singidani. Siku ya tatu ananipigia simu: kuku wamefika Dodoma wamelewa, wanatembea upande upande, mnunuzi anakataa anasema wana ugonjwa wa kideri. Wiki nne baadaye chesesi, ile fremu ya gari, ikapasuka, pale pale nyuma ya kichwa cha gari. Mnaelewa kwa nini? Springi ikikataa kuinama, shimo la barabarani halijaondoka. Ule mshindo unatafuta mwingine wa kumwinamisha, na anayefuata ni chesesi. Halafu kumbukeni, ukiongeza springi hujaongeza breki. Hilo mwambieni mteja kwa sauti, na dereva akiwa anasikia.

Sasa huyo Mzee Ntandu nilimpataje? Kwa matusi.

Mimi nilijifunza mwenyewe. Nilikuwa naokota springi mbovu, nazifungua nyuma ya nyumba yetu, nazifunga tena. Siku moja nilifungua bolti ya katikati bila kubana majani kwanza. Yaliruka hayo! Moja lilipita dirisha la jikoni likaangukia sufuria ya mlenda. Mama hakunisemesha siku mbili. Lakini nikajua kitu ambacho hakuna kitabu kingenifundisha: springi iliyobanwa ina hasira kuliko mimi.

Nikiwa na ujuzi huo wa mlenda, nikapita gereji ya Mzee. Nikamkuta anafunga jani chini ya fuso, wateja wamemzunguka. Mimi sikusalimia. Nikasema, "Hilo jani umeligeuza, mbele umeweka nyuma."

Mzee akatoka chini ya gari taratibu, akajifuta mikono, akanitazama. Akasema, "Marahaba."

Watu walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Nikaona aibu, masikio yakawaka. Nikasema, "Shikamoo, Mzee. Lakini umeligeuza."

Akarudi chini ya gari, akachungulia. Kweli alikuwa ameligeuza. Akaniambia, "Njoo ulitoe. Na kesho uje mapema, kabla sijakosea tena." Ndiyo hivyo nikaajiriwa. Kuanzia siku ile, madogo, mtu akimsema vibaya yule mzee mbele yangu, nilikuwa sisubiri amalize sentensi. Mtaani wakaniita Petroli.

Mzee alikuwa na sheria zake. Ya kwanza: jani halichomwi moto. Likiwa limelala, limepoteza mkunjo, unaliweka juu ya chuma unalipiga nyundo likiwa baridi, nyundo ndogondogo, kutoka katikati kwenda pembeni, nusu siku nzima, mpaka linainuka lenyewe. Moto ni dakika kumi. Lakini moto unaua chuma cha springi, na ukilizamisha kwenye maji likiwa jekundu, umetengeneza kioo.

Ya pili: kila fundi wake anapiga alama kwa tindo kwenye jani alilolipinda. Mzee nukta tatu, mimi nukta mbili. Wateja hawakujua. Kwao zote zilikuwa springi za Mzee Ntandu. Alama ilikuwa yetu sisi wawili, ili kazi ikirudi tujue nani amelala.

Ya tatu ndiyo watu walikuwa wanakuja kuitazama. Gari likishakazwa, fundi anapanda na mzigo wa kwanza. Hakai mbele na dereva. Anapanda juu ya magunia, nyuma kabisa juu ya ekseli, mpaka mzigo unakofika. Mzee alikuwa anasema, "Macho yanadanganywa na rangi. Kalio halidanganywi." Unakaa pale, unasikia. Gari likipita tuta na springi ikarudi mara moja ikatulia, nzuri. Ikirudi mara tatu, shokapu zimekufa. Ukisikia mlio mkavu, ka, ka, yuboti zimelegea, unapiga paa dereva asimame, unashuka na spana unakaza. Na kweli zinalegea, kwa sababu majani mapya yakipata mzigo yanakaa, yanaacha nafasi. Mimi nimesafiri mkoa huu wote nikiwa juu ya vitunguu. Nilikuwa nikirudi nyumbani hata paka ananikwepa.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo nilipomfanyia Mzee kitu kibaya.

Kulikuwa na Mama Neema, mjane wa Mwankoko. Mume alimwachia kenta moja na watoto wanne. Dereva wake alikuwa Shabani, mrefu, mtaratibu, na mdomo wake una sumu isiyo na haraka. Mama Neema akapata kazi ya kubeba vitunguu kutoka Mkalama kupeleka Manyoni, msimu mzima, lakini kenta ilikuwa inakaa chini. Akaja gereji. Mzee hakuwepo, alikuwa msibani Kiomboi tangu wiki iliyopita. Nikasema, "Mama, shikamoo. Liache hapa, nalikaza mimi."

Shabani akanitazama kuanzia viatu. "Dogo, si tumsubiri Mzee?"

"Dogo ni nani?"

"Wewe hapo. Kwani kuna mwingine?"

"Kesho saa nne njoo uchukue gari lako."

Kesho saa nne! Majani mawili yalikuwa yanatakiwa, moja kila upande, na yale niliyokuwa nayo yalikuwa yamelala kabisa. Kwa nyundo baridi ni siku nzima na zaidi. Nimeshasema saa nne mbele ya Shabani, sirudi nyuma. Asubuhi nikaazima mtungi wa gesi kwa mchomeleaji wa jirani. Nikayachoma mpaka yakawa mekundu kama pilipili, nikayapinda, mkunjo mzuri ajabu. Saa tatu na nusu. Nikayazamisha kwenye ndoo ya maji. Yakalia tssss. Nikapiga nukta zangu mbili, nikafunga, nikakaza. Saa nne kamili kenta imesimama imeinua nyuma kama jogoo.

Shabani akalizunguka. Akaingia kwenye gari, akachungulia dirishani. "Unapanda mzigo au hupandi? Mzee huwa anapanda."

Ningesema napanda, hadithi ingekwisha hapa. Lakini akaongeza, "Nitakuendesha taratibu, dogo, usije ukalia."

"Mimi sipandi gari linaloendeshwa na wewe! Nenda!"

Akaenda.

Siku ya pili yake, kama saa sita mchana, nipo kwa mama ntilie karibu na stendi ya malori nakula. Madereva watatu wanacheka na simu. Nikauliza kuna nini. Mmoja akasema, "Shabani kapiga. Kenta ya Mama Neema imelala kule baada ya Ikungi. Anasema springi za Mzee Ntandu siku hizi ni biskuti, zinafaa kwa chai."

Wali sikuumaliza. Jina la Mzee lilikuwa ndiyo gereji yenyewe. Hatukuwa na ukuta, hatukuwa na bango, tulikuwa na mti mmoja na jina lake. Madereva wakiamua springi zake ni biskuti, mwezi ujao pale chini ya mti tungekuwa tunacheza bao. Nikasimama nikawaambia wote watatu mambo ambayo siwezi kuyarudia hapa. Nikachukua bodaboda na spana namba thelathini na mbili. Dereva wa bodaboda akaniuliza, "Hiyo spana ni ya kufungulia nini?" Nikamwambia, "Mdomo."

Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilishaamua: huyu Shabani amezidisha mzigo, amepita matuta kwa kasi, halafu anamsingizia mzee wa watu aliye msibani.

Nikaikuta. Kenta imeegemea upande kama mtu mwenye jino bovu. Magunia ya vitunguu yameshushwa kando ya barabara, yote lumbesa, yamejazwa kupita mdomo, Mama Neema aliyesafiri na mzigo amekaa juu ya mojawapo na kanga kichwani. Wanakijiji kama ishirini wamesimama wanatoa ushauri. Nikaruka kutoka kwenye pikipiki kabla haijasimama.

"Nani kasema biskuti? Nani? Umebeba mzigo wa fuso kwenye kenta, umeendesha kama unafukuzwa na nyuki, halafu unamtukana Mzee Ntandu! Mzee Ntandu amekaza magari ya mkoa huu wewe bado unajikojolea! Springi za yule mzee hazivunjiki! Nionyeshe! Nionyeshe kilichovunjika!"

Shabani hata hakunyanyua sauti. Aliinama, akachukua kipande cha chuma kwenye nyasi, akanipa.

Madogo, chuma cha springi kikichoka kwa umri kinaanza na ufa mdogo mweusi wenye kutu, kinamalizika taratibu. Hiki kilikuwa kimekatika kavu, mara moja, ndani punjepunje, kinang'aa kama sukari. Sukari ile unaipata kwa moto na maji tu. Na pembeni, vidole vinne kutoka palipokatika, nukta mbili.

Nilichuchumaa pale pale na kipande mkononi. Watu wakadhani nimeumwa.

Sasa sikieni nilichokiwaza, msiniheshimu bure. Niliwaza: hawa hawazijui nukta. Nikikitupa hiki kipande porini, nikasema mzigo umezidi, wataniamini. Nusu watasema Shabani, nusu watasema Mzee. Hakuna hata mmoja atakayesema mimi. Nilikiwaza hicho nikiwa nimeshika spana niliyokuja nayo kulitetea jina lake.

Mama Neema akaniita. "Mwanangu, Mzee wako akirudi mwambie sina ugomvi naye. Nitatafuta fundi mwingine tu."

Hapo ndipo nikaishiwa. "Mama, hii si ya Mzee," nikasema. "Hii ni ya kwangu. Nimelichoma moto nikalitia kwenye maji. Mzee hajui. Angekuwepo asingekubali. Na nilitakiwa kupanda na mzigo, sikupanda."

Mzee mmoja wa pale kijijini akauliza, "Sasa yale matusi yote yalikuwa ya nani?"

Shabani akasema, "Yake mwenyewe. Aliyatoa mbali tu."

Walicheka! Mpaka Mama Neema akacheka, kajifunika kanga. Mimi nikaingia chini ya gari kuficha sura. Nikatoa lile lililovunjika, nikatoa na la upande wa pili ambalo lilikuwa linasubiri zamu yake, nikafunga springi zake za zamani peke yake, nikakaza yuboti. Tukapakia nusu ya magunia, na safari hii nikapanda juu bila kuulizwa. Tulifika Manyoni, tukashusha, tukarudi kuchukua nusu nyingine. Shabani alipita matuta yote kwa makusudi. Sikupiga paa hata mara moja.

Tulirudi Singida kesho yake jioni. Nilimwambia Shabani anishushe stendi ya malori kwanza. Nikasimama katikati ya madereva na kile kipande mkononi.

"Sikilizeni! Springi iliyovunjika kwenye kenta ya Mama Neema nimeitengeneza mimi! Mzee Ntandu hahusiki! Mwenye neno aniambie mimi!"

Nilitegemea watanizomea. Wakatazamana. Mmoja akasema, "Mwingine huyu!"

"Mwingine nini?"

"Mzee alishuka kwenye basi la Kiomboi jana mchana. Tukamwambia habari. Akasimama hapo hapo uliposimama, akasema springi ile ni yake, mwenye neno amwambie yeye."

Nilikimbia mpaka gereji. Nilimkuta Mzee chini ya mti anapanga nyundo zake.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Leo umeanza vizuri."

"Mzee, kwa nini umewaambia ile springi ni yako? Si yako! Hujaiona hata! Mimi nilichoma moto, nikatia maji!" Nilikuwa nampigia kelele, madogo. Mtu pekee ambaye sikuwahi kumpigia kelele. Machozi yananitoka na nampigia kelele.

Akachukua kile kipande, akatazama sukari, akatazama nukta. Akasema neno moja la Kinyaturu ambalo mama yangu hakupenda tulitamke ndani ya nyumba. Halafu akaniuliza, "Hii gereji ya nani?"

"Yako."

"Wewe fundi wa nani?"

"Wako."

"Basi unanigombeza nini?"

"Watu watasema hujui kazi!"

"Na wewe ukisema ni yako, watasema nimeacha gari la mjane kwa mtu asiyejua kazi. Bado ni mimi. Kaa chini unywe maji."

Nikakaa. Usiku ule sikulala nikihesabu magari ambayo hayatakuja tena.

Asubuhi, kabla hatujawasha moto wa chai, nikasikia kenta. Shabani anaendesha, Mama Neema kakaa kando yake. Nyuma yao fuso mbili za wale madereva wa stendi. Nikajua wamekuja kuonyesha watu pale gari lilipoharibiwa. Nikasimama, mkono umeshaanza kutafuta spana. Mzee akanishika shati.

Mama Neema akashuka. Akamsalimia Mzee, akanitazama mimi, akamtazama tena Mzee.

"Mimi nimezunguka gereji zote za mji huu na marehemu mume wangu," alisema. "Gari likivunjika, fundi anasema dereva. Dereva anasema barabara. Barabara haina mdomo, yanaisha hapo. Leo nimekuta springi moja ina wenyewe wawili wanagombania." Akamtupia Mzee ufunguo. "Likazeni wote wawili. Likivunjika tena, najua pa kuja kugombana."

Dereva wa fuso ya nyuma akapiga honi. "Mama, ukimaliza ngonjera sogeza gari, na sisi tuna foleni!"

Nilichukua jani, nikaliweka juu ya chuma, nikanyanyua nyundo ndogo. Baridi, kutoka katikati kwenda pembeni. Shabani akakokota ndoo, akaigeuza, akakaa mbele yangu.

"Saa nne?" aliuliza.

"Kesho kutwa," nikamwambia. "Na ukiuliza tena, inakuwa wiki ijayo."